Mistari ya Zambarau Kifuani

Watu wa kwetu Buger, milimani Karatu, walinizika mara mbili, na mara zote mbili mimi mwenyewe ndiye niliyewapikia chai. Mara ya kwanza ni pale niliporudi kutoka hospitali ya Moshi nikiwa sina titi la kushoto. Walikuja wamejifunga kanga kama wanavyojifunga msibani, wakakaa kwenye mikeka, wakaanza kunizungumzia kwa sauti za chini nami niko hapo hapo namimina chai: masikini, watoto wake bado wadogo, na alikuwa mwalimu mzuri. Alikuwa. Neno hilo lilinikera kuliko kidonda. Nilimgeukia mama aliyelitamka nikamwambia kwamba Jumatatu nitakuwa darasani, na kwamba mwanawe hadi leo hajui jedwali la saba.

Mara ya pili walinizika ilipokuja barua ya kunitaka niende Dar es Salaam kupigwa mionzi. Kansa, alieleza daktari wa Moshi, imekatwa yote inayoonekana, ila kuna mabaki yasiyoonekana kwa macho, na hayo hufuatwa na mashine. Habari ilipofika kijijini ilikuwa imeshageuka. Mionzi inapika mtu kutoka ndani, walisema. Inakausha mapafu. Inasimamisha moyo. Anayekwenda huko anarudi amefungwa blanketi. Mume wangu, mtu mwema na mkulima hodari wa ngano na maharage, akapendekeza tusubiri kwanza mavuno. Alikuwa anaogopa tu, lakini mwanamume wa kwetu hasemi naogopa, anasema tusubiri mavuno. Nilimjibu kwamba kansa hailimi, haina habari na msimu, na kwamba ninakwenda.

Lakini nisijifanye shujaa. Hayo ya moyo na mapafu yaliniingia. Shule yetu ilikuwa juu ya kilima, nyumba yetu bondeni, na kila asubuhi nilipanda njia ile ya udongo mwekundu nikiwa na madaftari kichwani, kwenye ukungu, bila kupumzika. Nilikuwa naringa kwa pumzi zangu. Nilijiambia kwamba titi nimelitoa na sitalidai, ila pumzi na moyo sitoi. Nikirudi nikiwa mtu wa kukaa mlangoni na kuhema, basi watakuwa wamenizika kweli.

Ikabaki kujua nani atanisindikiza. Mume wangu alikuwa na watoto na shamba. Mama yangu mzazi akasema atakwenda yeye.

Hapa lazima nieleze mama yangu ni mtu wa namna gani. Alizaliwa Mbarbaig, kabila la wafugaji, akaolewa na baba yangu Mwiraqw, watu wa jembe, wakaishi huku kwetu maisha yao yote. Kuzunguka macho yake mawili alikuwa na duara za chale, vidonge vidogo vya ngozi vilivyopangwa sawasawa, kazi iliyofanywa akiwa msichana ili apendeze. Alivaa sketi ya ngozi hadi uzeeni. Kiswahili alikisikia lakini hakukisema. Na hakutoka nyumbani hata kwenda kisimani bila kibuyu chake cha samli.

Kuna jambo nililomfanyia nikiwa darasa la tano, shule ya bweni. Alitembea siku nzima kuniletea maziwa ya mgando. Wasichana wenzangu wakamwona getini, zile chale, ile sketi, wakaniuliza yule ni nani. Nikasema ni jirani yetu. Mama alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Akanipa maziwa, akanisalimu kama jirani anavyomsalimu mtoto wa watu, akaondoka. Hatukulizungumza hata siku moja. Nilipoamua kwenda Dar es Salaam nilikuwa nimefundisha miaka kumi na tano, na aibu ile bado ilikuwa imenikaa mahali pale pale.

Basi tukaenda. Basi la Arusha lilituchukua Karatu alfajiri, tukateremka kwa vumbi hadi Mto wa Mbu, na Arusha tukapanda jingine. Abiria walikunja pua kwa harufu ya samli. Bibi mmoja aliyevaa vizuri alimwomba utingo ahamishe kile kibuyu juu ya basi pamoja na mizigo. Nilimwambia utingo kwamba kibuyu kikipanda juu, nami napanda juu, na mshono wangu utapasukia mikononi mwake. Kibuyu kikabaki mapajani pa mama.

Tulipata chumba katika hosteli ya kanisa. Joto la Dar es Salaam lilimfanya mama aamini kwamba mashine yenyewe ndiyo inayopasha mji mzima. Hospitalini nilipokewa na daktari mwenye mvi, mtu wa maneno machache na viatu vilivyochoka, ambaye jambo la kwanza alilofanya ni kuniuliza kama nina swali. Kwa kuwa hakuna daktari aliyekuwa ameniuliza hivyo tangu nianze kuugua, niliyatoa yote. Je, moyo utaungua? Je, mapafu yatakauka? Je, nitapanda kilima changu?

Hakuniambia niache wasiwasi. Alichukua waya laini wa madini ya risasi, mnene kama kalamu ya mkaa, akaulaza juu ya kifua changu kutoka katikati hadi chini ya kwapa, akaukandamiza taratibu ukashika umbo langu, mbavu na kovu na bonde lililobaki. Kisha akauinua bila kuuharibu, akauweka juu ya karatasi, akaufuatisha kwa penseli. Hicho kilikuwa kifua changu kilivyo kikikatwa upande. Ndani yake akachora pafu, na nyuma kidogo ya mbavu, upande ule ule wa kushoto, akachora moyo. Nilishangaa jinsi ulivyo karibu na ngozi.

Aliniuliza ninatoka wapi. Nilipomwambia, akauliza kule milimani tunalima vipi. Nikamwambia tunalima kwa kukingama mteremko, bwana shamba alitutesa na mistari ya kontua tangu nikiwa mtoto, na anayelima kufuata mteremko udongo wake unaishia korongoni. Akatabasamu. Akaweka rula juu ya karatasi, akapiga mstari uliopita kwenye ukuta wa kifua kwa kulalia, ukagusa pafu kwa ukingo tu na kuuacha moyo nyuma.

"Nasi tunalima hivyo hivyo, Mwalimu," alisema. "Mionzi itaingia kwa upande huu, siku hiyo hiyo itaingia kwa upande wa pili, na mara zote inakingama. Haiingii kwenda ndani. Kipande kidogo cha pafu kitaungua, sitakudanganya. Moyo wako tutaupitia kando."

Nilimwamini kwa sababu ya kile kipande kidogo. Mtu anayekuahidi kila kitu hajapima.

Kisha akanichora. Wino wa zambarau, mistari minne na misalaba miwili, kutoka katikati ya kifua hadi ubavuni. Mashine, alieleza, haina macho. Inafuata mistari hii, na mistari ikihama hata kidogo, mionzi nayo inahama. Isioshwe, isisuguliwe, isipakwe chochote, si sabuni, si mafuta, kwa wiki zote tano za tiba. Nikasema nimeelewa.

Jioni ile nikamtafsiria mama. Na hapa ndipo nilipokosea, mimi ambaye huwakata watoto alama kwa jibu lisilokamilika. Nilikuwa nimechoka, kwa lugha ya nyumbani sikuwa na maneno ya mambo yale, na kusema kweli sikutaka mama ayatazame sana mabaki ya kifua changu. Nikafupisha. Nikamwambia: maji yasiguse hapa. Mama akatikisa kichwa kuonyesha amesikia, na kweli hakuruhusu tone la maji. Nilipokuwa nanawa uso alisimama na kanga mkononi kama mlinzi.

Wiki mbili zilikwenda. Kila siku isipokuwa Jumamosi na Jumapili nililala juu ya kitanda kigumu, mkono wa kushoto juu ya kichwa, mtaalamu wa mashine akilinganisha taa na mistari yangu, kisha anatoka na mlango mzito unafungwa. Huhisi kitu. Unasikia tu mngurumo na unahesabu. Mimi nilihesabu jedwali la saba. Ngozi ikaanza kuwa nyekundu, kisha nyeusi kama ganda la kiazi kilichobabuliwa, na ikawasha hadi nikawa mkali kwa kila mtu.

Jumamosi ya wiki ile ya pili nililala mchana, joto limenilegeza, kifua wazi. Mama alikaa kando yangu akiitazama ile ngozi. Kwa watu wake, mtu aliyetoka kwenye moto, au kwenye uzazi, au kwenye ugonjwa mrefu, hupakwa samli. Hutakaswa nayo uchafu na hubarikiwa nayo. Maji ni ya ng'ombe na ya kunywa. Akafungua kibuyu. Alinipaka taratibu sana, kwa kiganja, kuanzia shingoni, akaufuta ule uchafu wa zambarau ambao wageni walikuwa wamemchorea mwanawe, akanibariki kwa maneno yake yote. Niliota niko nyumbani. Nilipoamka kifua changu kilikuwa kinang'aa, kimepoa, na hakina mstari hata mmoja.

Nilipiga kelele. Nilimwambia mama yangu maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia ameniua, kwamba sasa ile mashine itapiga popote, itapiga moyo. Alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi, mikono yake bado inang'aa kwa samli.

"Uliniambia maji," alisema. "Sikutumia maji."

Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana sikulala usiku ule.

Jumatatu nikaenda mapema. Daktari hakuwepo, alikuwa amesafiri kikazi na atarudi Jumatano. Mtaalamu wa mashine, mtu mzima mwenye miwani, mpole na mwenye foleni ndefu ya wagonjwa mlangoni, alisikiliza habari ya samli, akatazama kifua changu, akatazama saa, akachukua kalamu ya wino. Akasema si tatizo, atanichora upya.

Nikamuuliza atapima na nini. Akasema hana haja ya kupima, kazi hii ameifanya miaka mingi, anakumbuka.

"Unakumbuka kifua changu," nilimuuliza, "au cha yule aliyenitangulia?"

Hakukasirika, na hilo lilifanya iwe vigumu zaidi. Alinieleza kwa upole kwamba siku zikirukwa tiba inapungua nguvu, kwamba kansa hupenda kupewa nafasi, na kwamba mgonjwa anayekataa anaandikwa kwenye faili kuwa amekataa. Nilijua anasema kweli kuhusu siku. Upande mmoja kulikuwa na kansa, na upande mwingine ule moyo niliouona umechorwa kwa penseli, karibu kabisa na ngozi. Kama ningekuwa mgonjwa mpole ningelala, kwa sababu kulala ni rahisi na kila mtu angefurahi.

Nikafunga vifungo vyangu. Nikamwambia karatasi yangu iko kwenye faili, waya upo, na mwenye kujua kuutumia ni daktari. Aandike kwamba nimekataa, ila aandike pia nimekataa nini: nimekataa kukisiwa. Kisha nikatoka nikakaa kwenye benchi la mlangoni, ili asije mtu akasema nilitoroka.

Nilikaa pale Jumatatu. Nilikaa Jumanne. Wauguzi walipita wakinitazama, mmoja akaniambia walimu tuna kiburi. Nikamjibu kwamba ndiyo, tunacho, na kuna watu kinawafaa watoto wao. Mama alikaa kando yangu pale benchini na kibuyu mapajani, hali chakula. Nilikuwa bado nina hasira naye, na hasira zaidi na mimi mwenyewe, na siku hizo mbili hatukusemeshana. Lakini kila nilipobadilisha mkao naye alisogea, ili bega lake liwe chini ya langu. Kila baada ya muda niliweka kiganja kifuani na kusikiliza moyo unavyodunda, kisha nikawaza yale mabaki yasiyoonekana nayo yanasikiliza. Niliogopa kuliko siku ya kisu. Hata hivyo sikunyanyuka.

Jumatano asubuhi daktari alikuja akiwa bado na begi la safari. Mtaalamu akamweleza, na namsifu kwamba alieleza bila kujipendelea. Daktari akamwomba mwenzake aweke misalaba pale ambapo angeiweka Jumatatu. Mtaalamu akaiweka, kwa mkono usiotetemeka, mkono wa mtu anayeamini. Kisha daktari akafungua faili, akalaza waya, akapima kutoka katikati ya kifua, akapima tena. Akaweka vidole vyake viwili kati ya msalaba wa mwenzake na mahali pa kweli, na vidole vile viwili vilienea pale barabara.

"Huku ndani ni moyo wake," alimwambia. Hakumgombeza. Yule mtaalamu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

Wino haufai tena, daktari akasema, kwa mgonjwa mwenye mama mwenye upendo wa namna hii. Akaniuliza kama nitakubali alama za kudumu. Kwa sindano na wino mweusi atatoboa vitone vinne, vidogo kama mbegu za ulezi, kwenye ncha za mistari, na hivyo havitatoka hadi ninaingia kaburini. Nikamwambia anitoboe. Nikamwomba kwanza amruhusu mama aingie.

Mama aliingia akiwa ameinamisha kichwa, kama anayekuja kuhukumiwa. Akaona sindano, akaona kichupa cha wino. Daktari akanitoboa kitone cha kwanza. Iliuma kidogo, nikauma midomo, na nilipogeuza macho nilimwona mama ameinua uso na anaangalia kwa makini ya fundi anayeangalia kazi ya fundi mwenzake. Cha pili. Cha tatu. Cha nne. Akasogea, akagusa ngozi kando ya kila kimoja bila kukigusa chenyewe. Kisha akagusa duara ya jicho lake.

"Msichana akichanjwa hapaswi kulia," aliniambia. "Hukulia. Na hizi hakuna samli itakayozitoa."

Hapo ndipo nilipolia, kitu ambacho alikuwa amekwisha kunisifia kwamba sikukifanya. Nikamwambia anisamehe. Alidhani nazungumzia kelele za Jumamosi, akapunga mkono kuzifukuza. Sikuwa nazungumzia Jumamosi tu.

Siku mbili nilizopoteza ziliongezwa mwishoni, na nikamaliza. Kikohozi kikavu kilinishika miezi mitatu baadaye, kile kipande kidogo cha pafu nilichoahidiwa, kikaondoka. Mpaka leo ninapoandika haya moyo wangu haujanisumbua. Sijui siku zile za benchini zilinipunguzia nini au zilinilinda na nini, na sitajifanya najua. Ninachojua ni kwamba nilikataa kukisiwa, na ningekataa tena kesho.

Siku ya kwanza ya kurudi shuleni, majirani walitoka milangoni kunitazama nikipita. Wengine walikuwa na nyuso za wale waliokunywa chai yangu. Mama alisema atanisindikiza hadi juu, na kibuyu cha maziwa kwa ajili ya chai ya saa nne. Nilianza kupanda. Madaftari kichwani, udongo mwekundu umeloa, ukungu umekaa mitini. Nilingoja kifua kinikabe. Nilifika kwenye jiwe ambalo wazee hupumzikia, nikalipita. Nyuma yangu nilisikia mama anahema, ananiita nimsubiri, mtoto gani huyu asiyejua mama yake ni mzee. Nikamsubiri, tukamaliza kilima pamoja, na juu kabisa nilikuwa na pumzi za kutosha kuwapigia watoto kelele wapange mstari.

Watoto wapya wa darasa la kwanza hawakuwa wamemwona mama karibu hivyo. Walikodolea macho zile chale na ile sketi ya ngozi. Msichana mmoja wa mbele, asiye na haya, akaniuliza yule ni nani.

"Ni mama yangu," nilisema, kwa sauti ya kufika hadi mstari wa nyuma, kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya nyumbani ili naye asikie.

Msichana akauliza tena, zile za machoni ni nini. Nikamwambia ni chale, na mimi ninazo.